Prego ya Mama Jack

Ndugu waombolezaji, poleni na baridi, poleni na safari za treni na mabasi, familia imenituma niwasomee habari za mpendwa wetu, nami nitasoma taratibu kwa kuwa sote tumechoka, na aliyechoka kuliko sote ni mzee Cosmas, mume wa marehemu, aliyeketi hapa mbele.

Generosa Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Tosamaganga, Iringa, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akaajiriwa jikoni kwa masista wa Kiitaliano, ambako Sista Letizia alimfundisha kukanda unga wa mkate na kumwachia neno moja, prego, ambalo kinywani mwa Sista lilikuwa karibu, tafadhali, usijali, pita, endelea kusema, na siku za hasira lilikuwa nipishe njia.

Tarehe 26 Septemba 1992 alifunga ndoa na Cosmas Nyenza, wakajaliwa Jacqueline mwaka 1994, na baada ya kuhamia hapa Edmonton mwezi Julai 1997 wakampata Samson mwaka 1999, mzee akifanya kazi ghalani, na Mama Jack, kuanzia mwaka 2001, akilea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mliofika kwake mnajua kwamba mlangoni mlipokewa kwa prego, chakula kiliongezwa kwa prego, na mlipoaga alivaa koti akawasindikiza mpaka kituo cha basi, ambako maongezi yalianza upya na mabasi yakapita bila mtu kupanda, na Samson akilalamika kwa Kiingereza chake kwamba wageni wanaijua njia, alijibiwa prego, maana yake vaa viatu, twende.

Tarehe 9 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na maneno yake yote, likabaki hilo moja tu, nalo likawa maji, nigeuze, asante, na funga dirisha. Mzee Cosmas aliacha kazi akamuuguza, na tuseme ukweli, kulikuwa na siku alichoka hadi akatamani mgeni asigonge mlango, kwa sababu kila mgeni alipoaga, mama alimtazama mumewe na kusema prego, na mzee akatoka na kandambili zake hadi kituoni.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 hali yake ilibadilika, akalazwa, na mchana wa tarehe 12 wauguzi walimsihi mzee aende nyumbani akalale kidogo, akakataa, wakamsihi tena, akakataa. Hapo Mama Jack alisukuma blanketi kwa mkono wake mzima, akashusha mguu mmoja kitandani, akahangaika kuuvuta wa pili, akasema prego, na mzee akaelewa kwamba anataka kumsindikiza, akalia, akavaa koti lake, akaenda, na kabla hajafika nyumbani simu ikaita.

Tangu siku hiyo simu nyingine zimeingia, za kutoka nyumbani na za hapahapa, zikiuliza mgonjwa aliachwaje peke yake. Jamani, tunaomba maswali hayo yaishe leo, Cosmas hakumwacha mkewe, mkewe ndiye aliyemsindikiza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zetu Wambui na Balwinder waliopika bila kuombwa, waliofanya kazi pamoja na marehemu, na kila aliyekaa nasi. Kwa ombi la mzee, gari litasimama langoni mwa makaburi, na kutoka pale tutatembea naye kwa miguu, polepole, kwa namna alivyotembea nasi.

Mama Jack, mumeo amevaa koti na viatu, sote tumevaa. Pumzika sasa, mama, leo ni zamu yetu kukusindikiza. Prego.