Moto Juu, Moto Chini

Kwaang! Mfuniko wa bati ulianguka usiku wa kuamkia Ijumaa, na kila aliyelala karibu na soko la Nyamache aliusikia. Asubuhi hapakuwa na habari nyingine kwenye benchi letu, nje ya duka la Machogu, fundi wa cherehani tunayemwita Sindano. Yeye hutuchemshia kahawa aliyoikaanga mwenyewe kwenye kigae, maana huku kahawa inalimwa gunia kwa gunia, lakini wanaoinywa ni sisi wanne tu. Wa pili ni Okoth, mtengenezaji wa baiskeli kutoka kando ya ziwa, jina lake la benchi Spoki. Wa tatu ni mzee Nyangau, Mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa hapa. Wa nne ni mimi, mwalimu niliyetoka chuoni mwaka huo wa 1972.

Benchi lilikuwa na mwiko mmoja. Binti wa Mwenyekiti aliondoka miaka sita nyuma akaolewa na kijana wa kando ya ziwa, na hakuna ng'ombe hata mmoja wa mahari aliyefika kwa baba yake. Mzee aliapa kwamba jina la binti huyo halitatoka tena kinywani mwake. Nasi, kwa heshima, tukafunga vyetu. Tena lilikuwa jina la mama mzazi wa Mwenyekiti, kwa kuwa Wagusii huwapa watoto majina ya wazee waliokufa. Mzee alikuwa amewanyamazia wawili.

Kijana wake Ogari alikuwa afunge ndoa Jumapili. Asubuhi hiyo mama Ogari alifika bila kusema neno, akaweka kwenye benchi keki ndogo iliyookwa ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, akaenda zake. Sindano akafuta makasi ya kukatia vitambaa, akaikata vipande vinne.

Tukaipokea kwa mikono miwili kama watu walioingia kanisani. Ilikuwa ya rangi ya asali, imevimba, nyepesi mkononi. Ilinukia ndizi mbivu. Chini yake mishipa ya jani la mgomba ilikuwa imejichora yote, mstari kwa mstari.

— Nyasae! alisema Sindano. Imeinuka hii! Imeinuka kuliko godoro langu.

— Godoro lako nani asilishinde? alisema Spoki. Na hii ni ya kujaribia tu. Ya arusi iko kule jikoni, ngazi tatu.

— Ngazi tatu! Na Nyamache nzima haina oveni.

— Haina.

— Basi imepikwaje?

Sote tulijua ni nani aliyeipika. Alfajiri tulikuwa tumemwona binti yule akivuka barabara na unga mpaka kwenye viwiko, akaingia kwa Zilpa, jirani wa baba yake. Tena alikuwa amemwambia Zilpa wazi: katika boma la baba yake hataonekana mchana mpaka baba mwenyewe amwite kwa jina. Asipoitwa, atarudi kwa mumewe Jumamosi usiku, arusi ipite bila yeye. Kwa hiyo kila mmoja wetu alitafuta jibu lolote lingine.

— Mawe ya kuchonga ya kule Tabaka, alisema Spoki. Yakishika moto hayapoi. Ukiyapanga vizuri, umepata oveni.

— Mawe gani, wewe? Hiyo ni radi! alisema Sindano. Jana jioni si ilipiga pale juu? Unga ulikuwa nje. Radi ikapita katikati, pwaa, ukaiva mara moja.

— Radi ilipiga mbuzi wa Onsongo. Mbona hakuiva?

— Mbuzi hakupakwa siagi!

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa akitafuna polepole, macho ameyafumba nusu.

— Wewe Mwalimu, uliyesoma, unasemaje? Spoki akaniuliza.

— Nasema malaika, nikajibu. Eliya alipolala jangwani, alipoamka alikuta mkate uliookwa juu ya makaa. Akala. Hakumwuliza malaika jina lake.

Neno hilo la mwisho lilinitoka kabla sijalipima. Sindano akanikanyaga mguu.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

— Si malaika, alisema. Nilitoka nje mimi, mfuniko ulipoanguka. Nilichukua panga.

— Panga la nini, Mwenyekiti?

— Niliona moto juu ya sufuria. Si chini tu. Juu! Makaa mekundu juu ya chombo, usiku, nyuma ya nyumba yangu. Ninyi mngefikiri nini?

— Omorogi, alisema Sindano kwa sauti ndogo. Mchawi. Wao ndio hutembea na chungu cha moto.

— Nami nilifikiri hivyo. Nikajificha kwenye migomba. Kumbe ni sufuria ndani ya sufuria, mchanga katikati, makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Unainua mfuniko, unachomeka kijiti cha ufagio, kikitoka kikavu imeiva. Imeiva pande zote! Miaka sitini nala chakula, sijawahi kuona moto ukiwekwa kichwani mwa sufuria.

— Na aliyeuweka? aliuliza Spoki, kisha akainamia gurudumu lake haraka.

— Alinipa mgongo. Alikuwa anapuliza makaa, kisha anageuza shavu upande wa kushoto, moshi usimwingie machoni. Mama yangu alipuliza hivyo hivyo. Nikashusha panga.

— Ukasema nini?

— Nikarudi kulala.

Ndipo alipofika Margret, shangazi wa bibi arusi, aliyetoka upande wa Nyamira kukagua maandalizi. Alisalimia kila mtu, akachukua kipande cha mwisho kilichobaki, changu, akakionja akiwa amesimama. Akaketi bila kukaribishwa.

— Yaye! Baba Ogari, sisi tulikuwa na wasiwasi kwamba hamtapata keki. Hii nani amepika?

Sindano alitazama makasi. Spoki alihesabu spoki za gurudumu. Mimi nilimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

— Nauliza vizuri tu, alisema Margret. Nataka tumketishe kando ya bibi arusi. Mtu wa mikono kama hii hakai nyuma. Anaitwa nani?

Mzee alipangusa makombo kwenye kiganja, akayatia mdomoni. Akasimama. Akageukia ule mlango wa Zilpa, ng'ambo ya barabara, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyowanyamazisha wenye vibanda wote:

— Mokeira!