Kitabu Kilichosomwa Kinyumenyume

Benchi lilikuwa ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na Jumamosi asubuhi watatu walikunywa kahawa hapo kabla kazi haijachanganya. Kamusi, dereva mstaafu wa lori, alijua kila kitu. Redio, kinyozi mwenyewe, alitangaza hata asiyoyajua. Wa tatu ni Pindo, fundi cherehani, na leo alikuja na kitabu cha katuni za Kijapani kwapani. Alikuwa amekipokonya mikononi mwa bintiye wa miaka kumi na minne, mbele ya wenzake, akamwita mpenda damu. Siku ya tatu sasa, mtoto humjibu “ndiyo baba”, “hapana baba”, basi. Pindo hakufuata kahawa tu. Alitafuta wa kumwambia alifanya vyema.

— Tazameni ukurasa wa kwanza tu, alisema. Mji unaungua, na haka katoto kamevaa chuma mwili mzima, kamesimama katikati ya maiti.

— Ulaya ya kale hiyo, Kamusi alisema. Enzi za ngome na mishale. Watoto walipewa mikuki badala ya madaftari. Mkono mtupu haulambwi.

— Hapo methali haiingii, Redio alisema.

— Inaingia. Mkono ulikuwa mtupu, ukapewa mkuki.

Pindo akafunua hadi mwisho.

— Na huku yuko jikoni kwa mama yake, anacheka na dada yake, wanakula mkate. Yaani anaua, kisha anatuzwa.

— Wanawaandaa hawa, Redio alisema. Nasikia mtoto akimaliza vitabu kumi, anaandikiwa barua ya jeshi.

— Jeshi gani?

— La farasi.

— Na wino wenyewe una dawa, Kamusi aliongeza. Ndiyo maana binti haongei.

Pindo akaitikia kwa kichwa. Dawa ilikuwa afadhali kuliko sababu aliyoijua yeye.

— Shikamooni wazee wangu.

Alikuwa mwalimu anayetunza maktaba ya shule, mkoba begani.

— Marahaba, mwalimu.

— Baba, nimefuata kitabu. Binti yako alikuja kuniomba radhi, akasema hawezi kukirudisha.

Akakitazama kilivyoshikwa, akasema taratibu:

— Mmeanzia mwisho. Hivi husomwa kutoka kulia. Mtoto huyu anaanzia jikoni kwa mama yake, ndipo wanakuja kumchukua kwenda vitani. Hapo mlipoanzia, anamtafuta dada yake.

Pindo akaurudia ule mji unaoungua, akauinamia. Alichodhani ni jasho usoni mwa yule mtoto kilikuwa machozi.

— Binti yako alikwambiaje kuhusu kitabu hiki? mwalimu akauliza.

Redio akageukia mkasi wake. Kamusi akakoroga kikombe kisicho na kitu. Pindo alikumbuka mdomo wa mwanawe ukifunguka, na sauti yake mwenyewe ikisema nyamaza.

— Naomba nikae nacho hadi Jumatatu, alisema hatimaye, macho chini. Nikirudishe kwake kwanza.

— Sawa, baba.

Hakwenda dukani kwake kushona. Alishika njia ya nyumbani bila kuaga. Mlangoni alimsikia binti akifagia ndani, akakohoa mara moja, akakohoa tena. Ufagio ukanyamaza, ukamsubiri. Alisimama pale na kitabu mikononi, baba mzima, akitafuta neno la kwanza.