Nilichagua Darasa Lisilo na wa Kuniona

Ndugu zangu, Bwana apokee sifa hata kutoka kwa mtu aliyechoka. Kwa miezi mingi swali moja liliniondolea usingizi: je, mimi ni mtu wa shahada ya uzamivu kweli, au nilijaza fomu kwa sababu wenzangu walikuwa wanajaza?

Chuo changu kiko nje ya nchi, masomo yote ni ya mtandaoni. Tulipoanza tulipewa njia mbili. Ya kwanza, unasoma na kundi kila Jumanne jioni, wote mbele ya kamera, na mwalimu anauliza maswali. Ya pili, unasikiliza mihadhara iliyorekodiwa, kwa wakati wako, peke yako. Nilichora jedwali la faida na hasara hadi karatasi ikajaa, kisha nikachagua ya pili. Watu niliwaambia ni kwa ajili ya kazi yangu ya ofisini, mtaa wa Kiyovu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa.

Uhuru ule ukanichosha. Mhadhara wa saa moja niliumaliza kwa siku nne: nasimamisha, naandika, narudisha nyuma, nafuta. Mwaka ukaisha sijatuma hata sura moja ya tasnifu. Ikaja barua pepe: nisipotuma sura ya kwanza kabla ya muhula kwisha, jina langu linaondolewa. Nilipanga namna ya kuijibu wiki nzima. Sikuijibu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwenye maombi ya jumuiya yetu, mtaani Batsinda. Kwetu kila mtu huomba kwa sauti, kwa zamu, akiitwa jina. Zamu yangu ilipofika nikaanza kupanga maneno kichwani. Mama Aline, fundi cherehani wa mtaa wa Kimisagara aliyekulia Bujumbura, ambaye huniita daktari kwa utani tangu nianze masomo, akafungua jicho moja.

"Dogiteri, iko unaandika kitabu? Mungu anangoja, na chai iko inapoa."

Watu wakacheka. Nikaomba hivyohivyo, maneno yakigongana, na nikajikuta nasema kwamba masomo yamenishinda. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Baada ya amina Mama Aline akanisogelea. "Tangu uje hapa, umeshaomba bila kuitwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi omba shule nayo ikuite, mwanangu."

Ndugu zangu, sikutokewa na malaika. Niliona tu kwamba mtu kama mimi, anayehitaji kuitwa, alikuwa amejifungia mahali pasipo na wa kumwita. Jumatatu nikaandikia chuo, nikaomba kuhamia kwenye kundi. Wakakubali, lakini tarehe ya sura haikusogezwa. Jumanne mwalimu akataja jina langu. Nilijibu, na nusu ya jibu ilikuwa makosa. Akanisahihisha, akaendelea na mwingine.

Bado nimechoka, sitawadanganya. Ila namshukuru Mungu aliyenisikia kabla sijapanga maneno vizuri. Nawe unayengoja kwanza uwe tayari ndipo umtumaini, mtumaini ulivyo. Mimi Ijumaa ya wiki ile, kabla tarehe haijapita, nilituma sura yangu ya kwanza, ina mapengo, bila kuirudia kuisoma.