Propela Mapajani

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Shoga, wewe mjane mcha Mungu, garini unasali au unasikiliza ya watu?" Nafanya vyote viwili.

Leo kwenye basi, fundi kijana alikaa kati yangu na mzee mmoja, dereva mstaafu, amepakata propela, lile bomba la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma. "Naipeleka ikatengenezwe," alimwambia mzee. "Gari la foo-wili la mama mmoja. Nimeliacha mteremkoni kwake."

"Limeshikwa na nini, mwanangu?"

"Jeki. Ila ni ya kuazima, nimemwambia mama aishushe airudishe. Hendibreki nimevuta mpaka mwisho. Mzee, usinifundishe kazi!"

Mzee akaigonga propela kwa kidole. "Gari hilo, hendibreki yake hushika hii, si magurudumu. Na hii umeipakata wewe."

Sala ilinikatikia mdomoni. Fundi akapiga simu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa.

"Jeki umeiweka wapi?" mzee aliuliza taratibu.

"Nyuma. Upande wa bondeni. Ndiko mama atakakochuchumaa kuishusha."

Basi liliposimama, fundi alinibwagia propela mapajani na grisi yake yote, akashuka mbio kurudi kwa yule mama.