Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu na mgeni rasmi wa siku ya leo, Baba Paroko, Mama Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mzee Albano, mpiga kinanda wa kwanza wa kwaya hii, Mama Anjelina, uliyekaa hapo mbele na kanga umeikumbatia kwa mikono miwili, wanakwaya wote, mafundi wenzangu wa Chang'ombe, ndugu wageni waalikwa. Shikamooni wakubwa zangu. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum.

Mshereheshaji kaniambia nikishasalimia niseme itifaki imezingatiwa. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu kabla sijashuka hapa nitaomba tuivunje. Mheshimiwa, nakuomba radhi mapema, wakati sauti yangu bado inatoka.

Kwa msionifahamu, naitwa Mwamvita Faraji. Ni binti wa Kizaramo, Mwislamu, na nimealikwa kuzungumza kwenye jubilei ya kwaya ya Wakatoliki kutoka kusini, watu ambao hata kwenye msiba hawaachi kunitania. Kazi yangu ni kufufua vyombo vya zamani: redio za mbao, santuri, televisheni zenye mgongo, na hivi vinanda vya umeme ambavyo watoto wa leo wanadhani ni meza ya kupigia pasi. Nimeshapigwa shoti mara nyingi katika kazi hii na sikuwahi kukimbia. Lakini leo naogopa, tena naogopa vibaya. Mtaniuliza, fundi, unaogopa nini na kinanda hiki hapa kinawaka taa zote?

Wacha nieleze, maana si wote mnaojua kilichomo humo ndani.

Kinanda hiki kilikuwa na uwezo ambao zamani zile ulikuwa kama mazingaombwe. Mtu anaimba kwenye maikrofoni, kinanda kinaikamata sauti yake, halafu ukibonyeza kitufe inatoka ile ile. Sauti hiyo ilihifadhiwa kwenye flopi, kile kibapa cha plastiki kinachotumbukizwa kwenye mdomo wa draivu, hapa ubavuni. Mzee Albano alimrekodi hivyo Flaviana, binti wa Mama Anjelina, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza. Mstari mmoja tu wa wimbo, maana flopi haina nafasi ya zaidi. Mwaka uliofuata Flaviana akafariki. Kanda za kwaya zilikuwa stoo, na mafuriko yakaingia stoo. Picha zake zipo, sare yake ipo. Sauti yake, kama ipo popote duniani, iko kwenye flopi.

Kinanda kilipoletwa kwangu, draivu ilikuwa imekufa. Mkanda wake wa mpira uliyeyuka kwa joto letu hili ukawa kama lami. Nikauvua, nikatafuta mwingine. Kijana wangu wa kazi, fundi Mfaume, yule pale aliyejificha nyuma ya nguzo, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Mfaume ni msafi kupita kiasi. Ukimpa sufuria atakurudishia bila rangi. Kwenye skrubu zinazoshika mota ya kusogeza kichwa akaona madoa mekundu, akayafuta. Akaona na mota yenyewe imekaa upande, akainyoosha vizuri kabisa. Tukatia flopi mpya, ikasoma bila kukwama. Tulishangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani.

Mafundi wa rika langu naona wameshaanza kutikisa kichwa. Sie tuliolelewa kwenye redio tunajua doa jekundu kwenye skrubu maana yake nini. Fundi akishapata mahali pazuri, anachukua rangi ya kucha ya mkewe, anadondosha tone. Maana yake: utakayekuja baada yangu, hapa usiguse. Lakini Mfaume kalelewa kwenye simu za kioo, na simu za kioo hazipakwi rangi ya kucha. Alidhani ni uchafu, akausafisha kwa nguvu zake zote.

Mzee Albano akaja na kopo la biskuti, ndani mna flopi mbili. Zilikuwa na ukungu, tukazifungua, tukaziosha kwa maji na sabuni laini, tukazianika kivulini. Tukatia ya kwanza. Kinanda kikasema hakioni kitu. Ya pili, hakioni kitu. Na kwa ndani ukasikika mkwaruzo, kama kijiko kinakombeleza ukoko. Nikazichomoa haraka. Mnaujua mkwaruzo huo? Ni kichwa kinabandua ile ngozi ya kahawia ambayo sauti imelala juu yake. Ngozi ikibanduka, hakuna fundi wa hapa wala wa Ulaya atakayeirudisha.

Ndipo Mzee Albano akauliza kwa upole, "Mwanangu, na ile rangi nyekundu iko wapi?"

Nikamwambia, "Rangi gani, mzee?"

Akasema, "Sie kinanda hiki kilituangukia Masasi, kwenye mashindano. Kilidondoka toka juu ya basi. Fundi wetu akahangaika nacho, mota haikukubali kukaa sawa. Akaiacha upande vile vile ilivyokuwa inafanya kazi, akapaka rangi isiguswe. Flaviana nilimrekodi baada ya hapo."

Ndugu zangu! Nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana na dera langu jeupe. Kwa sababu nilielewa papo hapo. Draivu iliyokaa upande iliandika sauti upande. Flopi mpya ilisomeka kwa sababu nayo imenyooka. Hizi mbili zinasomwa na draivu iliyopinda tu, tena kwa kipimo kile kile cha Masasi, na alama ya kipimo hicho ilikuwa imebaki kwenye pamba ndani ya pipa la taka.

Njia ilibaki moja. Kulegeza skrubu, kusogeza mota kiasi cha unywele, kutia flopi, kusikiliza, kuchomoa, kusogeza tena. Na kila jaribio linakula ngozi. Kwa hiyo flopi moja itumike kutafutia mahali, hata ikifa, ili ya pili itiwe mara moja tu ikiwa mahali pameshapatikana. Mzee Albano alisema moja ni ya Flaviana na nyingine ni ya dada Tekla, mwimbaji mwenzake aliyerekodiwa siku zile zile, aliyehamia Newala. Ipi ni ipi? Karatasi zake za majina zilishaliwa na mende, maana mende wanapenda gundi. Zilibaki flopi mbili nyeusi, hazina jina.

Nilikwenda nazo nyumbani kwa Mama Anjelina. Leo kaniruhusu niyaseme haya. Nilimweleza kila kitu, nikaziweka mbele yake kwenye mkeka, nikamwambia, mama, hii ni haki yako, chagua. Hakuzigusa. Alizitazama, akasogeza miguu yake mbali nazo.

Akasema, "Mwamvita, mie siwezi kumuua mwanangu kwa kidole changu. Chagua wewe. Ukishapata iliyopona, mtu yeyote wa kwaya asiisikie kabla yangu." Halafu akanishika mkono, akasema jambo ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. "Na mie naogopa. Nimekaa miaka mingi bila ile sauti. Naogopa utaniwekea nisiitambue."

Nilichagua. Nilichagua iliyokuwa na ukungu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mnadhani sababu hiyo ilinipa amani? Hata kidogo. Ukungu haujui nani kafa na nani yuko Newala. Tulifanya kazi mchana, mlango umefungwa, na kila lori la kiwandani likipita meza inatikisika na mie natikisika nayo. Mfaume alikuwa anashika bisibisi huku anasoma dua kwa sauti. Sogeza, tia, mkwaruzo, chomoa, safisha kichwa. Nilianza kuamini tumeshaimaliza bure. Kisha kioo cha kinanda kikaandika kwamba flopi imeonekana. Nikakaza skrubu. Kabla hata hatujaona ndani yake mna nini, ukaja mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Nilipoifungua, katikati ngozi ilikuwa imetoka yote, unaona mwanga upande wa pili.

Hapo sikulia. Niliogopa kulia, chozi lisije likadondokea ile iliyobaki. Tukasafisha kichwa tena, nikatia flopi ya pili kwa mikono hii. Ikasoma. Ikasoma mpaka mwisho, tukainakili kwenye kompyuta hapo hapo. Na skrubu nimezipaka rangi, Mfaume, nyekundu, na nitakayemwona na pamba karibu nazo tutagombana.

Ni sauti ya mwanamke. Anaimba mstari mmoja. Ila sauti yenyewe imeziba kidogo, ina mkwamo. Mfaume alisema draivu bado ina ubovu, akataka tuisafishe kwa kompyuta ing'ae. Nilimkatalia. Alishasafisha vya kutosha. Lakini moyoni nami niliogopa vile vile kwamba tumeiharibu.

Sasa mnajua ninachoogopa. Mie na Mfaume hatukuwahi kumsikia Flaviana. Sijui sauti iliyomo humu ni ya Tekla au ni yake. Inawezekana kabisa niliyemwua kwenye meza yangu ndiye tuliyekuja kumsikiliza. Nilimwambia Mama Anjelina tusikilize wawili tu, kwake, faraghani. Akakataa. Alisema kama ni msiba wa pili, anautaka mbele za watu, kama wa kwanza.

Mheshimiwa, ratiba inasema wewe ndiye utakayebonyeza kitufe kuzindua kinanda. Naomba umpishe mama huyu. Asante sana, Mheshimiwa. Nilijua umelelewa vizuri. Mshikeni mkono jamani, kuna waya hapo chini. Ni hiki, mama, chenye utepe. Ogopa tu, mie sikukatazi, hata mie naogopa. Lakini bonyeza.

Jamani. Jamani msipige makofi, ngojeni kwanza. Mama amesema kitu. Leteni kipaza sauti. Umesemaje mama? Rudia, wa nyuma nao wasikie.

Mmemsikia? Kasema, "Mafua hayo. Nilimkataza mtoto huyu asiende mazoezini na mvua ile, akatoroka akaenda."

Mfaume, toka nyuma ya nguzo, draivu haina ubovu. Mheshimiwa, Baba Paroko, ndugu zangu nyote, mengine niliyoandika hapa nayaacha, siyaoni tena kwa machozi. Asanteni kwa kunisikiliza. Mama, bonyeza tena.