Zoraida wa Gelatina na Utando wa Goti

Wasikilizaji wapendwa, mtanisamehe, leo sauti ya msiba imenikataa. Jana tumemzika Bi Zoraida Mondragón, hapa hapa Andalucía, mji wetu wa barabara ya Cali, na watu walitoka makaburini wakimsimulia, huyu akimkatiza yule. Nami nina hamu hiyo hiyo. Basi nisikilizeni.

Bi Zoraida alikuwa mvutaji wa gelatina, ile peremende yetu ya makongoro. Miaka arobaini na miwili, mvutaji wa gelatina. Mnaijua kazi yenyewe. Makongoro ya ng'ombe yanachemka mpaka mifupa iachie, sukari guru inatiwa, kisha rojo linatupwa kwenye panda ya mpera na kuvutwa. Vuta, rudisha, vuta, mpaka lililokuwa jeusi liwe jeupe pe. Na linavutwa likiwa moto. Ukilisubiri lipoe, umelikosa.

Kibandani kwake aliandika kwa rangi nyekundu: DAWA YA MAGOTI. Kila kibanda barabarani kiliandika hivyo. Tumekua tukiamini kwamba mla makongoro haumwi viungo.

Sasa, alipofika miaka hamsini na mitatu, vidole vyake vilianza kuvimba. Mikono yote miwili. Asubuhi hata kikombe cha kahawa kinamshinda. Akafanya nini? Akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akaongeza gelatina. Kipande asubuhi, kipande jioni, na mikono akaizungushia rojo la moto. Miaka mitatu, jamani! Binti yake Nhora akimsihi aende hospitali, anajibiwa kwamba mwenye duka la dawa haendi kuomba dawa kwa jirani. Vidole vikapinda. Goti likajaa maji.

Ndipo Nhora akamdanganya. Alimwambia wanakwenda Cali kununua kitambaa, akamteremsha mlangoni mwa hospitali. Huko alikuwepo daktari Libia Arboleda, mtafiti wa baridi yabisi. Aliomba kukata kipande cha utando unaofunika goti kwa ndani, kidogo kama punje ya mchele. Bi Zoraida akakubali kwa sharti moja: akione.

Na akakiona! Mwanamke wa darasa la tatu, jicho kwenye hadubini. Kwanza aliwekewa utando wa goti lisilo na ugonjwa. Mwembamba, laini, na chini yake nyuzi za kolajeni zimelala kwa mpangilio. Kolajeni, wasikilizaji, ndiyo ile ile inayoyafanya makongoro yagande. Kisha akawekewa utando wake. Umevimba, umejaa seli zilizovamia, nyuzi zimekatikakatika. Daktari akafungua kinywa aeleze, Bi Zoraida akamwahi.

"Ngoja, mwanangu. Hii ya kwanza imevutwa ikaiva. Hii yangu kuna mtu anaikata. Nani anaikata?"

"Mwili wako mwenyewe, mama. Askari wake wamekosea adui."

"Na gelatina yangu?"

Daktari hakumficha. Alimwambia tumbo linaivunjavunja kama chakula kingine chochote. Haishuki gotini kushona kitu. Vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka. Dawa itaviokoa vilivyobaki.

Nhora anasema walikuwa wamefika Buga, wakirudi nyumbani. Hapo mama yake akasema: "Nimewalisha watu uongo mtamu. Wameniamini, wamekaa majumbani."

Kesho yake alichukua brashi akafuta yale maandishi mekundu. Mtaa ukawaka moto! Don Evelio, mwenye kibanda cha pili, alivuka barabara na aproni yake.

"Zoraida, unatutilia mchanga kitumbua chetu."

"Kitumbua kipo, Evelio, na utamu wake. Nimefuta neno, sijamwaga sukari."

Wakamnunia. Salamu hawampi. Naye akazidi. Kila mteja anashikwa mkono kwanza, anaulizwa: asubuhi vidole vinakaza kwa muda gani? Mwenye uvimbe akijibu zaidi ya saa nzima, hauziwi kitu mpaka aahidi kwenda hospitali. Hauziwi! Mimi mwenyewe nilishikwa mkono nikiwa na haraka zangu, na sikuachiwa mpaka nimejibu.

Siku moja alikuja Carmenza, mke wa Evelio, ameficha mikono ndani ya shali. Vidole vilikuwa vimevimba kwa miezi miwili. Alisema anaogopa mumewe asije akajua. Bi Zoraida hakumcheka wala hakumkumbusha maneno ya Evelio. Alifunga kibanda, akampeleka Cali siku ile ile. Utando wa Carmenza ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuvimba, na dawa ikauwahi.

Moyo ndio uliomchukua Bi Zoraida, akiwa na miaka sitini na minane. Mbele ya jeneza alikuwa Evelio. Kaburini alivua kofia akasema, "Nilimnunia mwaka mzima. Mwaka mzima yeye anampeleka mke wangu kliniki."

Nhora, pole sana dada yetu. Poleni ukoo wa Mondragón, poleni wavutaji wote wa gelatina. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkikaa mezani tazameni mikono ya mama zenu. Akishindwa kushika kijiko, mpelekeni. Bi Zoraida alichelewa miaka mitatu, Carmenza alichelewa miezi miwili. Carmenza ndiye aliyemfunga marehemu vifungo vya gauni, kimoja kimoja, hadi shingoni.