Mama Springi na Anjelika Zake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Uliye jikoni punguza moto, uliye njiani tembea taratibu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja fundi. Mtaani kwake walimwita Mama Springi, na wengi wenu mmekalia kazi ya mikono yake bila kujua.

Mama Springi alikuwa fundi wa kuvalisha makochi. Kochi likishachakaa, likatoa sponji mbavuni, likawa linamlilia kila anayelikalia, lilipelekwa kwake. Alilivua nguo yote, akakaza springi, akabadilisha sponji, akalivisha kitambaa kipya. Misumari midogo aliishika kwa midomo, mmoja mmoja akiutoa na kuugonga. Ndiyo maana, anasema binti yake, mama yake alizoea kuongea huku meno yamebana. Ukimsikia usingejua kama amekasirika au ana misumari mdomoni.

Gundi ndiyo iliyomwachisha kazi. Kifua kilianza kubana, daktari akamwambia aache karakana, atafute hewa safi. Mama Springi akarudi nyumbani, kwenye nyumba waliyoachiwa na wazazi. Humo alimkuta mdogo wake wa kiume, naye amestaafu. Huyu alikuwa mpishi wa hospitali. Nakumbusha tena, wasikilizaji: dada ni fundi wa makochi, mdogo wake ni mpishi. Wote wamezoea kuamrisha kwenye karakana na jiko lao, na sasa wako chini ya paa moja.

Mteja mmoja wa zamani, mwenye kitalu cha maua, alimletea miche miwili kwenye kopo la rangi. Alimwambia ni anjelika. Ni mmea wa jamii moja na karoti na giligilani, lakini wenyewe hurefuka kumpita mtu. Alimwelekeza aipande penye unyevu na kivuli kidogo. Akampa na onyo: anjelika ina ndugu zake wenye sumu, wanaofanana nayo kama mapacha. Usile kitu ambacho huna uhakika nacho.

Mama Springi hakuwa na nia ya kula. Alitaka kuona kitu kinakua. Akaipanda pembeni mwa bomba la uani, pale panapodondoka maji kutwa.

Mwaka wa kwanza ilitoa majani tu. Mdogo wake akawa anamuuliza kama amepanda miavuli. Dada aliendelea kumwagilia. Mwaka wa pili, mche mmoja ulipanda juu, shina nene lenye kirangi cha zambarau, na kileleni ukafungua vichwa vya maua ya kijani kibichi, mviringo kama mpira. Hapo ndipo uwanja ulipojaa wageni. Nyuki walikuja. Vipepeo walikuja. Walikuja na wale nzi wadogo wenye mistari wanaojifanya nyuki. Mama Springi alitoa stuli yake ya karakana, akakaa kuwatazama tangu chai mpaka mchana. Kifua kilimwachia, alisema. Alikuwa anapumua bila kukumbuka kwamba anapumua.

Mtasema, na mche wa pili je? Hapo ndipo palipoharibika. Mdogo wake aliung'oa. Alitaka sehemu ya kupanda mchicha, akadhani ule uliobaki na majani tu hauna faida. Mama Springi alipoona shimo, hakufoka. Alinyamaza. Akanyamaza siku ile, na ya pili, na miezi ikaanza kupita.

Wasikilizaji wapendwa, watu wawili wazima walikaa nyumba moja, meza moja, bila kusemeshana. Binti wa Mama Springi, ambaye ni dereva wa teksi, akija kuwatembelea anageuzwa simu. Mama anamwambia, mwambie mjomba wako chumvi imezidi. Mjomba, aliyekaa pale pale, anamwambia, mwambie mama yako chumvi iko kwenye kopo, apunguze mwenyewe.

"Nilikuwa nacheka nikiwa nao," binti ametuambia. "Nikifika kwenye gari nalia."

Maua yale yalipokomaa yalitoa mbegu, na shina mama likafa. Ndivyo anjelika ilivyo; ikishazaa inaondoka. Mbegu zikajiotea zenyewe hadi kwenye uzio. Na huko kwenye uzio, katikati yake, kikaota kitu kingine ambacho hakuna aliyekipanda.

Mpishi alikuwa amechoka kununiwa. Alisikia kwamba shina la anjelika likichemshwa na sukari huwa tamutamu. Akaona hiyo ndiyo njia ya kuomba radhi bila kutamka neno. Asubuhi moja dada yake akiwa dukani, alikata shina kule kwenye uzio, akalimenya, akalichemsha. Mafua yalikuwa yamemziba pua, hakusikia harufu yoyote. Akaonja kipande.

Mama Springi alirudi, akapita uwanjani kwanza kama kawaida yake. Akaona kisiki kibichi kwenye uzio, na ubavuni mwake ule mmea mgeni, una madoadoa kwenye shina. Aliinama akaunusa. Ulinuka panya, wala si anjelika, na kilichokatwa huenda ni mwenzake. Aliingia jikoni bila kuvua viatu.

"Umekula?" akauliza.

Mdogo wake alidhani amesikia vibaya. "Leo unanisemesha mimi?"

"Mdogo wangu, nimekuuliza, umekula?"

"Kipande tu, dada. Nilikuwa nakupikia wewe."

Binti aliitwa, akaja na teksi. Wakampeleka hospitali, ile ile aliyoipikia maisha yake yote. Wauguzi walimpokea kwa jina la utani la jikoni, wakamlaza, wakaanza kumpima mapigo ya moyo. Daktari alisema wazi: kama ni ule wenye sumu, dalili zitakuja, na hawana haja ya kusubiri kubahatisha. Wanataka kujua kimekatwa kipi. Binti akarudi nyumbani mbio, akapekua pipa la taka barabarani kwa mikono, akapata majani aliyoyatupa mjomba. Akavaa glovu, akang'oa na ule mmea mgeni. Vyote akavipeleka chuoni, kwa mwalimu wa mimea.

Mama Springi alibaki kwenye benchi pembeni ya kitanda. Benchi lilikuwa limechanika, sponji inachungulia. Vidole vyake vikawa vinairudisha ndani bila yeye kujua, huku anaongea. Aliongea yote. Kwamba ule mche haukuwa mche tu. Kwamba tangu aache karakana alijiona kama kochi lililotupwa nje, na kile kilikuwa kitu pekee kilichokuwa kinamhitaji amwagilie. Mdogo wake alimsikiliza, akasema angemwambia mapema. Dada akasema angemuuliza.

Kisha yule mpishi akauliza, "Nisipokufa, utaninunia tena?"

"Usipokufa," alijibu, "nitakupiga."

Simu ikaingia. Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Majani ya pipani ni anjelika. Anjelika, mama. Ule mmea mgeni ndio wenye sumu, lakini mjomba hakuukata. Kisu kilipita kando yake.

Mama Springi aliteremka kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni. Muuguzi alikimbia akidhani amezimia. Alikuwa anacheka, meno hayakubana hata kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, waliishi miaka mingi baada ya siku ile, na nyumba ikarudiwa na kelele. Waligombana kuhusu chumvi, uso kwa uso. Uzio uliparuliwa, ukasafishwa. Anjelika zikapandwa mstari mzima, na jirani mwenye maboga akaja kuomba mbegu, maana alipenda kuwaona nyuki wakipitia kwake. Mama Springi alimfundisha: uzipande zikiwa mbichi, usizifukie, zinataka mwanga.

Wiki iliyopita, Mama Springi alitutoka. Kifua kilimsumbua mwishoni, lakini hakuondoka kwa mateso. Alikuwa ameegemea kochi alilolivalisha mwenyewe, dirisha liko wazi, mdogo wake anamsimulia habari za sokoni. Alipoona hajibiwi, alijua.

"Nimemzika dada yangu," mpishi ametuambia, "na sina neno lililonikwama kooni. Nalia, lakini napumua."

Kwa mdogo wa marehemu, kwa binti yake, na kwa majirani wote wa mtaa ule, tunawapa pole. Mungu awape subira, amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza. Kama kuna mtu ndani ya nyumba yako ambaye hamsemeshani, usingoje kumpeleka hospitali. Zima redio sasa hivi. Mwite.